Kitabu cha mahafali: tuchape hapa Moshi au Dar?

SWALI: Habari za kazi anko. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, nimetupiwa kamati ya kitabu cha kumbukumbu cha kidato cha nne, nakala 150, kurasa 62 za rangi. Nina kotesheni tatu, ya hapa mjini, ya Arusha na ya Dar ambayo ndo ya chini kabisa, na mhasibu keshaniambia twende na hiyo hiyo. Mahafali Oktoba. Nifanyeje?
Madam, Moshi

JIBU: Salama madam, pole na majukumu. Kwanza kurasa 62 zinasumbua, kitabu cha kukunja karatasi na kupiga pini katikati kinaenda kwa nne nne kwahiyo kwa usalama andika 64, hizo mbili wekeni za kusainiana.

Kuhusu Dar, uliza bei ile ni ya mashine gani. Ofseti, ile mashine kubwa ya pleti, kila rangi ina pleti yake, bamba la kuchapia, yaani pleti nne kwa kila upande wa karatasi, na gharama ya pleti ni ileile uchape 150 au 3,000, ndo maana bei ya nakala moja inashuka kwa mzigo mkubwa tu. Kwa 150 zenu dijito, inayochapa toka kompyuta bila pleti, ndo inalipa. Halafu uliza kama VAT imo, maana hiyo asilimia 18 huwa inakuja kuonekana siku ya risiti na mhasibu huyohuyo atakugeukia wewe.

Sasa hapa ndo pa kukaa kabisa. Usikubali kuonyeshwa kazi kwenye simu, omba kitabu cha shule nyingine walichochapa wao, ufungue picha ya darasa zima, uangalie mstari wa nyuma, wale waliosimama kivulini: unaona macho na pua, au ni weusi mtupu juu ya masweta? Simu ina mwanga wake, karatasi haina, picha inayowaka kwenye skrini ikichapwa inazama, na sura zetu ndo zinaumia zaidi. Fundi anayejua kazi anafungua vivuli, yaani anaongeza mwanga sehemu za giza, kabla hajachapa, asiyejua anakwambia kamera yenu mbovu. Kwangu mimi hiki kinazidi bei. Lipia prufu, yaani chapa ya majaribio, ya kurasa mbili kwa karatasi ileile ya kitabu, na picha zako mwenyewe, ila zisiwe zilizotumwa WhatsApp kawaida maana zinabanwa, tuma kama dokumenti au peleka flashi.

Kurasa 64 za karatasi nzito pini itahangaika kuzishika, chukua ya kubandikwa gundi mgongoni, ila picha isivuke katikati, mtu atamezwa kwenye mshono.

Muda nao, kidato cha nne wanafanya mtihani Novemba kwahiyo mahafali ya shule nyingi yanaangukia kipindi kimoja na foleni mashineni ni ndefu. Kama prufu ya hapo mjini ni safi mimi ningebaki Moshi, unaingia dukani mwenyewe, advansi nusu, nusu ukishakagua mzigo. Na majina, bandika orodha bwenini kila mtoto asaini mbele ya jina lake kabla fundi hajaanza.