Jibu: Vipimo vinaonesha naumwa, mbona bima ya kipato imekataa kunilipa?

Ndugu yetu wa Mafinga, mwendesha msumeno katika kiwanda cha mbao, ameuliza kwa nini bima ya kipato (ile inayomlipa mtu sehemu ya mshahara anaposhindwa kufanya kazi) aliyokatiwa na mwajiri imekataa kumlipa ilhali picha za hospitali zinaonesha kuwa pingili za mgongo wake zimeumia. Kwa miaka mingi nimetunza majalada ya watumishi katika kiwanda cha chai wilayani Mufindi, na katika madai niliyoyaona, jina la ugonjwa ni mara chache sana lilikuwa ndilo lililoamua.

Anayepima dai hutaka kujua ni majukumu gani mgonjwa hayawezi tena, tangu lini, na kwa ushahidi upi. Cheti kilichoandikwa "maumivu ya mgongo, apumzike" hakimjibu lolote. Mpakiaji wetu mmoja alikataliwa kwa cheti cha namna hiyo. Aliporudi kwa daktari na barua ya mwajiri iliyotaja uzito anaoinua, saa anazosimama na namna anavyoinama, daktari akaandika maoni yake kwa kila jukumu, na dai likapita.

Kisha asome mkataba unavyofasili ulemavu. Ipo mikataba inayomlipa aliyeshindwa kazi yake mwenyewe, na ipo inayomtaka awe ameshindwa kazi yoyote inayolingana na elimu na uzoefu wake. Mingine huanza na sharti la kwanza, kisha, mara nyingi baada ya miaka 2, huhamia la pili, na hapo ndipo mtu wa msumeno huambiwa kuwa anaweza kuwa karani. Aangalie pia muda wa kusubiri kabla malipo hayajaanza, na kifungu cha maradhi aliyokuwa nayo kabla ya bima.

Nashangaa hakutaja WCF. Kama aliumia kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na mwajiri peke yake, ni njia nyingine kabisa: ulemavu wa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24, na wa kudumu ukizidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Taarifa itolewe ndani ya miezi 12 tangu aumie, kwa hiyo asikae kungoja bima.

Kwa upande wa bima, aombe kwa maandishi kifungu kilichotumika kumkataa, awasilishe malalamiko kwa kampuni yenyewe, na wasipoelewana aende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.