Niliwaambia watu naenda kutolewa nyongo

Mi ni mtu wa karai. Kila alfajiri nachoma mahamri hapa kwetu Langoni, Lamu, mbaazi zishaiva tangu usiku, na ikifika saa mbili sufuria ishakuwa tupu. Nasema hivi mapema ili ujue anayekuandikia si daktari wala si mtu wa jim, ni mwanamke aliyekuwa na kilo 118 kwa kimo cha mita 1.58, ana sukari, ana presha, na magoti yanalia kila akipanda ngazi za nyumba zetu za mawe ambazo wenyewe mnazijua zilivyosimama. Watu huniuliza kisirisiri kuhusu oparesheni ya kupunguza tumbo nlofanyiwa Novemba 2022, nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye WhatsApp usiku wa manane, ndo nikaona bora niandike mara moja.

Kilichonisukuma ni boti. Tuko gatini Mokowe, watu washapanda, nahodha akaniangalia akasema, "Mama, wewe kaa hapo kati kati, tusije tukalalia upande." Hakuwa na ubaya, boti lazima isawazishwe, ila kuna mtoto alicheka na mamake akamfinya, na kule kufinywa kuliniuma kuliko kicheko chenyewe.

Kabla ya hapo nlishajaribu yote. Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni (nyingi ni majani ya sanamaki tu, kazi yake ni kukuendesha choo, mafuta yako yako palepale), kutembea mpaka Shela na kurudi kila jioni, kuacha wali. Nikapunguza kilo tisa, zikarudi kumi na mbili.

Daktari wa Nairobi akanipigia hesabu ya BMI, yaani kilo zako ugawanye kwa kimo chako mara kimo chako, ikatoka 47. Kwa miaka mingi kipimo cha kukubaliwa kilikuwa 40, au 35 kama una ugonjwa unaotokana na unene, halafu mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu duniani vikashusha, ikawa 35 hata bila ugonjwa na hata 30 kama una sukari ya aina ya pili. Akanieleza aina mbili za oparesheni, slivu na baipasi. Baipasi hutengeneza kijifuko kidogo cha tumbo kisha utumbo ukaunganishwa upya. Slivu wanakata karibu robo tatu ya tumbo au zaidi na kuitoa sehemu hiyo kabisa, kinabaki kitu chembamba kama ndizi, na ile sehemu inayotoka ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Ukishakatwa halirudi. Nikachagua slivu, nikauza bangili zangu mbili, kaka yangu aliyeko Uarabuni akamalizia, maana bima ilikataa katakata. Ilinila zaidi ya laki sita ukichanganya na vipimo, nauli na mahali pa kulala.

Sasa kosa langu. Kwenye mazungumzo yale daktari alinionya kwamba mtu akipungua kwa kasi hupata mawe kwenye mfuko wa nyongo, akaniandikia na dawa ya kunywa miezi sita ya kuyazuia. Mi nikasikia kitu kingine kabisa! Nikaona huo ndo uongo wangu. Oparesheni ya nyongo nayo siku hizi hufanywa kwa vitundu vidogo vidogo vya tumboni, makovu yanafanana, nani atajua? Nkarudi Lamu nikatangaza, naenda Nairobi kutolewa nyongo. Aliyejua ukweli ni mume wangu na kaka basi. Lamu unaijua, ukikohoa Mkomani, Langoni washakuchemshia tangawizi. Sikutaka kuambiwa ulafi umenishinda mpaka nimekwenda kushonwa tumbo.

Oparesheni yenyewe sitairefusha. Wiki mbili kabla ni chakula chepesi, protini na mboga, wanga na mafuta kidogo sana, ili ini lipungue maana limefunika tumbo na daktari anahitaji nafasi. Jioni ileile nikaamshwa nitembee, na sindano za kuzuia damu kuganda nikachomwa kwa siku kadhaa. Maumivu makubwa hayakuwa tumboni, yalikuwa begani, ni ile gesi wanayokujaza tumboni wakikupasua. Maji nilinywa mililita 30 kwa mara moja, na nlipofika nyumbani nikatumia kikombe cha kahawa, kile kidogo cha barazani, nakinywa robo saa nzima kama mzee anayesubiri magharibi.

Lakini usikimbilie kurudi kisiwani. Mi nlikaa Nairobi wiki mbili na ningekaa tatu ningeweza, kwa sababu mshono wa tumbo ukivuja unahitaji daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, na dalili zake ni homa, moyo kwenda mbio, maumivu yasiyotulia, sasa dalili hizo zikupate usiku uko Lamu utafute boti kwanza. Nlirudi kwa ndege mpaka Manda, kukaa kwenye basi masaa yote yale miguu imening'inia nlikatazwa.

Chakula kinakwenda kwa hatua: maji maji, kisha vya kusagwa, kisha laini. Nlisaga mbaazi zangu mwenyewe, supu ya pweza nikaichuja, changu wa kuchemsha nikamponda. Ukila hunywi, unangoja kama nusu saa, na hili kwetu ni gumu jamani kwa sababu sisi wali bila sharubati pembeni tunaona hujakaribishwa.

Hapo uongo ukaanza kunidai. Aliyetolewa nyongo baada ya wiki kadhaa anakula, sivyo? Wiki ya saba kukawa na harusi ya jirani, sinia likaletwa, bibi mmoja wa hapo kwetu akachambua pande la nyama ya biriani kwa mkono wake akanitilia mbele yangu. "Twaa mwanangu, umekonda, wala kama ndege." Utamkataaje? Nikatafuna nikameza. Ikakwama hapa kifuani. Mate yakaanza kujaa mdomoni, mazito, povu jeupe kama la mchele ukifura jikoni, nikainuka na leso mdomoni nikapita katikati ya wanawake wamevaa dhahabu, nikatapikia uani karibu na masufuria ya wapishi. Kesho yake mtaa mzima wanajua nina mimba. Nina miaka 44!

Kwa habari ya mimba, na hili nawaambia wasichana, ukipungua hedhi zinatengemaa na mimba huingia kirahisi kuliko zamani, na madaktari wanataka ungoje mwaka hadi mwaka na nusu. Panga mapema.

Ramadhani ya 2023 daktari alinikataza kufunga, maana maji ya siku nzima siwezi kuyanywa kati ya futari na daku kwa kikombe cha kahawa. Nikawa nakunywa nimejifungia chumbani. Nywele nazo zikaanza kutoka mwezi wa nne, nikichana kitana kinajaa, hilo ni la kawaida na huja kurudi, kula protini, mafuta ya nazi yapake upendavyo ila si dawa yake.

Halafu Juni. Ile dawa ya kuzuia mawe nlikuwa nimeiacha mwezi wa pili kwa sababu ya bei. Usiku mmoja nikashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yanapita mpaka mgongoni, jasho, natapika. Wifi yangu anayekaa nyumba ya chini akanipeleka kwenye kliniki, na daktari aliponiuliza nimewahi kufanyiwa oparesheni, wifi akawahi kujibu, "Eeh, alitolewa nyongo mwaka jana." Mi kimya. Daktari akaangalia makovu, yanaingiana na hadithi, akasema basi ni vidonda vya tumbo, akaniandikia dawa ya asidi na sindano ya diklofenaki ya maumivu. Diklofenaki, Brufen na jamii yake yote ni dawa nlizoambiwa Nairobi nijiepushe nazo, zinachubua tumbo. Nikachomwa nikiwa najua.

Mara tatu nlikwenda pale kwa wiki tatu, na mara tatu nyongo ikawa kitu cha kwanza kuondolewa kwenye orodha, maana hakuna anayetafuta mawe kwenye nyongo ambayo haipo. Simlaumu yule daktari hata chembe. Mara ya tatu macho yameanza umanjano, nikamwambia wifi toka nje kidogo, nikasema yote. Yule kijana akaweka kalamu chini akaniangalia kwa muda. Ultrasaundi ikaonyesha mawe, mengine madogo kama punje za mtama, na moja lilikuwa limeshuka likaziba njia. Nikapelekwa Mombasa, safari hii kutolewa nyongo kweli.

Kumweleza wifi ilikuwa kazi kuliko kupasuliwa. Alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hivyo zile kaimati nlizokuwa nakuletea Ramadhani nzima ulikuwa wazipeleka wapi?" (Kwa mume wangu. Ameongeza kilo sita.) Na yule bibi wa biriani aliposikia narudi hospitali kwa nyongo, akauliza barazani mbele za watu, "Kwani nyongo yamea tena?" Nikaona hapana, imetosha, nikamwambia. Alichofanya tangu siku hiyo, nikienda kwake ananiwekea kisahani cha chai na kipande cha samaki, akijitokeza mtu wa kunilazimisha kula anamkemea yeye. Miezi saba nlijificha kwa mtu ambaye angekuwa mlinzi wangu.

Ndo ushauri wangu mkubwa kwa mtu wa pwani anayefikiria jambo hili. Mtaa mzima si lazima ujue, ila mtu mnayekula sinia moja ajue, na daktari yeyote atakayekugusa ajue. Uandikiwe karatasi ya lugha yao, oparesheni gani, lini, dawa gani huruhusiwi, upige picha ikae kwenye simu na nakala kwenye mkoba. Na ukitapika siku mbili tatu mfululizo usijipe moyo kwamba ni mambo ya slivu, vitamini B1 huisha haraka mwilini na ikiisha inadhuru mishipa ya fahamu. Vitamini zenyewe ni za maisha, B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D, na chuma na kalsiamu usimeze pamoja zinazuiana. Pigia hesabu gharama hiyo kabla hujauza bangili.

Leo nina kilo 79, nlifika 76 zikarudi tatu maana njaa ilirudi baada ya kama mwaka, kidogo ila ilirudi. Sukari yangu inakaa sawa bila vidonge, bado napima. Kiungulia ninacho, ambacho sikuwa nacho, nalala na mito miwili. Ngozi ya mikono inaning'inia, buibui linasitiri. Chumvi ya mbaazi naonjesha mtu mwingine siku nikiamka na kichefuchefu cha mafuta ya karai. Ningefanya tena? Ningefanya, ila kwa mdomo wazi.

Wiki iliyopita akaja binti wa jirani, saa tatu na nusu, akazunguka zunguka mlangoni mpaka mtu wa mwisho akatoka, ndo akaniuliza. Nikamweleza yote haya, na nlipofikia ya nyongo akacheka mpaka machozi. Akavaa viatu kuondoka, akageuka. "Sasa shangazi, mamangu akikuuliza, mwambie nlikuja kuchukua mahamri."

Sufuria ilikuwa tupu tangu saa mbili, na mamake ndiye aliyenunua manne ya mwisho.