Kokwa likishaota: maswali yenu kuhusu miti ya matunda ya nyumbani

Mvua ya masika imekaribia, na simu yangu imejaa picha zenu: glasi dirishani, mikebe ya maziwa ya unga, paketi za maziwa zilizokatwa juu, hata sufuria kuukuu iliyotobolewa chini. Kila moja ina kitu cha kijani kinachochungulia. Nimefurahi mno kuziona. Maswali ni mengi na mengine yanafanana, kwa hiyo nimechukua manane yanayowagusa wengi.

Dada, nilichoma kokwa la avokado vijiti vitatu, nikaliweka kwenye glasi ya maji. Sasa lina miezi mitatu na mche umefika kutoka kiganja changu hadi kiwiko. Tunda nililokula lilikuwa la aina ya Hass. Nitavuna lini, na nitavuna Hass? (Msomaji, Umoja)

Kwanza utoe mche kwenye maji wiki hii. Mche wako umekuwa ukila akiba iliyomo ndani ya kokwa, na akiba hiyo inakwisha. Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20, itoboe matundu sita hivi chini, ujaze udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo. Kokwa usilifukie lote. Nusu ya juu ibaki nje.

Sasa hilo la Hass. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini mtoto wa Hass si Hass. Nyuki hubeba chavua kutoka miti mingine, hivyo kokwa uliloshika lina mama unayemjua na huenda baba yake humjui kabisa. Tunda litakalotoka linaweza kuwa zuri, linaweza kuwa la majimaji, na utasubiri miaka saba hadi kumi, wakati mwingine zaidi, kabla ya kulijua.

Hass yenyewe ilianza kama hilo lako. Miaka ya 1920 huko California, Marekani, mpeleka barua aitwaye Rudolph Hass alikuwa na mche uliotoka kwenye kokwa, naye alitaka tu shina la kubebeshea aina nyingine, yaani kuunganishia vikonyo, ncha za matawi ya mti mwingine. Vikonyo havikushika. Mti ukaachwa ukue, ukazaa matunda yenye ganda gumu lenye chunusi, yanayogeuka meusi yakiiva, na watoto wake wakayapenda kuliko yale mengine. Alipata hataza yake (hati ya kumiliki ugunduzi) mwaka 1935. Mti ule mama ulikufa mwaka 2002, ila kila Hass unayoiona Marikiti leo imetokana na kikonyo cha mti ule, kikonyo juu ya kikonyo kwa karibu miaka mia.

Kwa hiyo kokwa lako limekupa mizizi. Tunda utalipata kwa kubebesha. Nilijifunza kazi hii kwa fundi mmoja wa kitalu cha miche kando ya Ngong Road, nami nitakueleza jinsi alivyonionyesha. Subiri shina liwe nene kama penseli. Likate sentimita 20 hivi juu ya udongo, kisha lipasue katikati kwenda chini kwa sentimita tatu. Chukua kikonyo cha Hass kutoka kwenye mti unaozaa: ncha ya tawi, urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo, yenye macho (machipukizi) yaliyovimba lakini hayajafunguka. Ondoa majani yote. Kichonge pande mbili kiwe kama kabari, kwa mikato mirefu miwili tu ya kisu kikali, bila kukwaruza. Mahali palipokatwa usipaguse kwa kidole. Kiingize kwenye ule mpasuko na uangalie jambo moja kuliko yote: chini ya gamba kuna utando mwembamba wa kijani, na kijani cha kikonyo lazima kikutane na kijani cha shina, walau upande mmoja. Funga kwa utepe wa plastiki kuanzia chini kwenda juu, ukaze, kisha ukiweke kivulini na kukifunika kwa mfuko mwepesi.

Baada ya wiki tatu hadi sita macho yatafunguka. Kikonyo kikigeuka cheusi, kimekufa. Kata chini yake ujaribu tena. Vikonyo vyangu vya kwanza vilikauka kwa sababu nilivibeba mchana kutwa bila kuvifunga kwa kitambaa chenye maji. Vikishika, hesabu miaka mitatu au minne tu hadi tunda la kwanza.

Na kama hutaki kubebesha, usiukate mti wako kwa aibu. Zile avokado kubwa za kienyeji tunazokula na githeri zilitoka kwenye makokwa ya namna hii, na mimi binafsi sijaona Hass inayozishinda.

Binti yangu, kijana wangu aliniletea maembe kutoka Makueni. Nilizika makokwa manne. Huu mwezi wa pili sijaona kitu. (Mzee, Kahawa West)

Shikamoo mzee. Fukua moja tulitazame pamoja. Unachokiona ni ganda gumu lenye nyuzi; mbegu yenyewe imo ndani. Lioshe, liache likauke siku moja ili lisiteleze mkononi, kisha shika mkasi wa kupogolea ukate ukingo wa lile ganda kidogo kidogo, ukijihadhari usijijeruhi. Lifungue kama unavyofungua kome. Ndani utakuta mbegu kama haragwe kubwa, imeviringwa na karatasi ya kahawia. Ikiwa nyeupe au ya kijani na ngumu, iko hai. Ikiwa ina tundu na unga mweusi, mdudu wa kokwa ameshaimaliza. Mdudu huyu hukulia ndani ya kokwa lenyewe, na nje tunda huonekana zima kabisa.

Ilaze mbegu nzima, upande uliopinda kama mgongo ukielekea juu, uifunike kwa udongo wa kina cha vidole viwili. Wiki mbili hadi nne utaona majani mekundu. Ila fanya upesi, kwa sababu mbegu ya embe ikikauka imekufa.

Usishangae mbegu moja ikitoa miche mitatu. Baadhi ya maembe ya kienyeji yana tabia hiyo, na mingi kati ya miche hiyo ni nakala ya mama yake, kwa hiyo hapo unaweza kupata embe lile lile ulilokula. Maembe ya aina ya Kent na Tommy Atkins hutoa mche mmoja tu, na huo haufanani na mama.

Mzee, sitakuficha neno. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na baridi ya Juni hadi Agosti huiharibu embe ikitoa maua. Yanageuka meusi na kuanguka. Majani utayapata mazuri, matunda kwa nadra. Ningekuwa wewe, ningeikuza miche hii Kahawa hadi ifikie unene wa penseli, kisha nimrudishie kijana Makueni, aibebeshe kikonyo cha embe lile lile alilokuletea.

Avokado langu lilistawi miaka miwili. Baada ya mvua ya Aprili majani yakaanza kukauka nchani na kupukutika. Nikaongeza maji, likazidi. (Kijana, Embakasi)

Pole sana. Acha kumwagilia. Upande wenu wa mashariki una ule udongo mweusi unaopasuka jua likiwaka na kunata viatuni mvua ikinyesha. Maji hayapiti, mizizi inakosa hewa, na hapo ndipo kijidudu kiitwacho Phytophthora kinapopata nafasi ya kuiozesha ile mizizi myembamba inayolisha mti. Fukua kidogo kandokando ya shina. Mizizi mizima ni myeupe kama maziwa yaliyochujwa, migumu kidogo. Iliyooza ni meusi na hukatika ukiigusa. Mti usiokuwa na mizizi hukauka hata ukisimama ndani ya maji, ndiyo maana ulidhani una kiu.

Kama mizizi mingi ni meusi, usipoteze mwaka mwingine juu yake. Panda upya, na usirudie kosa linalofanywa na watu wengi huko: kuchimba shimo refu na kulijaza udongo mwekundu ulionunuliwa kwa lori. Katika udongo mweusi shimo hilo hugeuka beseni, na maji ya jirani yote huingia humo. Jenga tuta juu ya ardhi, nusu mita kwenda juu na mita moja na nusu kwa upana, upande kileleni. Au panda mpera. Mpera hustahimili udongo mzito kuliko avokado, na ule wa mbegu huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne.

Ramadhani iliyopita tulihifadhi kokwa za tende. Watoto wanataka kuzipanda. Zitaota? (Mama, South C)

Zitaota, mama, hata za miaka kadhaa. Huko Israeli mwaka 2005 iliota kokwa ya mtende iliyochimbuliwa kwenye ngome ya kale ya Masada, yenye umri wa takriban miaka 2,000. Ziloweke siku mbili ukibadilisha maji, zipande kwenye mkebe mrefu kwa sababu mzizi huenda chini kwanza, na uwaambie watoto jani la kwanza litakuwa kama la nyasi. Tende zenyewe msizingoje. Mtende unataka joto kali la muda mrefu, kama la Garissa, na kuna wa kiume na wa kike ambao huwezi kuwatofautisha hadi watoe maua. Wapandeni kwa ajili ya furaha ya kuona.

Nimepanda kokwa za pichi mara tatu. Haziamki. Na mtoto wangu alitafuna ile mbegu ya ndani, ina ubaya? (Mama, Kangemi)

Nianze na mtoto. Mbegu ya ndani ya pichi ina kitu kiitwacho amigdalini, ambacho kikitafunwa hutoa sumu ya sayanidi. Kipande kimoja kilichouma ulimi akakitema kwa kawaida hakileti madhara, lakini akitafuna kadhaa, au ukimwona anatapika, analegea au kupumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja. Zioteshe mbali na mikono yake. Ndivyo ilivyo pia kwa mbegu za lokwati na plamu.

Kuhusu kuota: pichi ni mti wa nchi zenye kipupwe, na mbegu yake hulala hadi ihisi kwamba baridi imepita. Baridi yetu ya Julai inatutosha sisi kuvaa sweta, yenyewe haiitoshi. Pasua ganda kwa koleo taratibu, toa mbegu nzima, iviringe kwenye mchanga wenye unyevu, uiweke ndani ya kopo kwenye friji (si kwenye barafu) wiki nane hadi kumi na mbili. Itazame kila wiki. Ukiona mzizi mweupe umechomoza, ipande siku hiyo hiyo.

Mti ukikua, utakuwa na shida ile ile ya kutojua wakati wa kulala. Wakulima wa nyanda za juu huupukutisha majani kwa mikono ili uamke na kutoa maua. Kazi yake ni kubwa, lakini maua ya pichi ni mazuri ajabu.

Ndugu yangu anarudi kutoka Uingereza mwezi ujao. Nimemwomba aniletee mbegu za cheri mfukoni. (Msomaji, Lang'ata)

Mwambie asizilete hivyo. Mbegu na mimea kutoka nje huhitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla ya kusafirishwa, kwa sababu ugonjwa mmoja uliojificha unaweza kumaliza mashamba ya watu. Isitoshe, cheri inahitaji baridi kuliko hata pichi.

Nina mipapai mitano ya mbegu. Yote imetoa maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu na hakuna papai hata moja. (Msomaji, Kasarani)

Hiyo yote mitano ni madume. Ua la jike hukaa limebanana na shina, nene, na tunda dogo huonekana chini yake. Kata minne, bakiza mmoja wa kuchavusha, na upande upya.

Safari hii chagua tunda la kutoa mbegu. Papai refu lenye umbo kama la pea kwa kawaida limetoka kwenye mti wenye ua la jinsia mbili, na likiwa limejichavusha lenyewe, mbegu zake hazitoi madume. Papai la mviringo limetoka kwa jike, na hapo nusu ya watoto wanaweza kuwa madume kama ulivyoona. Sugua mbegu kwenye chujio hadi ule utando wa utelezi utoke, kwa kuwa ndio unaozichelewesha kuota. Panda miche mitatu kwa kila shimo, ngoja maua, bakiza mmoja. Na iwe karibu na ukuta unaopigwa na jua la mchana, maana baridi ya Kasarani huichelewesha.

Mimi ni mpangaji, huenda nikahama baada ya miaka miwili. Nipande nini nile kabla sijaondoka? (Msomaji, Kawangware)

Matunda damu (tree tomato), bila kusitasita. Nunua mawili yaliyoiva sana kwa mama mboga, kamua mbegu, zioshe, zianike kivulini siku mbili, uzisie kwenye mkebe. Wiki mbili tu zimeota. Mche ukifika shubiri moja, uhamishe kwenye ndoo ya lita 20; ukifika mita moja, kata ncha ili utoe matawi. Matunda huja baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na mara nyingi hufanana na uliyonunua.

Weka ndoo mahali pasipo na upepo, kwa sababu mizizi ya matunda damu haiendi chini na mti uliobeba huanguka. Ufunge kwenye kijiti tangu ukiwa mdogo. Na wakati wa kuhama, mwagilia siku moja kabla, punguza matawi, uubebe ukiwa umesimama.