Lango la Gereza la Kilwa: la Mreno au la Mwarabu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sikukuu iliyopita tulivuka kwenda Kilwa Kisiwani. Tulipofika kwenye lango la Gereza tukabishana. Mimi nasema la Mreno, shemeji yangu kashikilia ni la Mwarabu. Tumewekeana kreti la soda. Nani anunue? Na mbona ngome inaitwa gereza?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Nunua soda.

Usione haya, mimi mwenyewe nilifundisha kosa hilohilo miaka mingi pale Kilwa Masoko, chaki mkononi, sina hata chembe ya shaka. Mpaka siku moja nikawavusha wanafunzi wangu kwa mashua. Tukashuka majini, suruali tumekunja magotini, viatu tumening'iniza shingoni. Tulipofika langoni binti mmoja akagusa mwimo wa mlango, akauliza: “Mwalimu, kumbe Wareno walichonga nakshi kama za mlango wa bibi yangu Kivinje?” Nikatazama. Nakshi zilikuwa za kwetu kabisa, za pwani. Nikajifanya nahesabu watoto.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi Julai 1505 Mreno mmoja, Francisco de Almeida, aliingia Kilwa na merikebu zake. Sultani Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa, na Mreno akajenga ngome aliyoiita Santiago. Alitaka dhahabu ya Sofala (pwani ya Msumbiji ya leo) iliyokuwa ikipitia mikononi mwa watu wa Kilwa. Lakini ukishampora mfanyabiashara, biashara nayo huhama. Mwaka 1512 Wareno wakafunga virago. Miaka saba tu!

Ngome unayoiona leo ilijengwa karibu na mwaka 1800, Waarabu wa Omani wakiwa wameishika Kilwa, palepale penye mabaki ya ile ya Mreno. Wakati huo biashara ilikuwa ya watu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alikuwa ameshatia saini mkataba na sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kwa mwaka, kila kichwa riale 20. Kwa hiyo ukisimama langoni usiwaze mizinga peke yake.

Ushahidi mwingine ni minara. Gereza lina minara miwili ya duara, kwenye pembe mbili zinazotazamana kimshazari. Nenda Mombasa ukaione Fort Jesus, kazi ya Mreno ya mwaka 1593: pembe zake zimechongoka kama ncha ya mshale. Kuta za Kilwa ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukipitisha kidole pale lipu ilipobanduka, kinatoka cheupe kama umeshika unga wa muhogo. Tafadhali usikwangue. Bahari imeshakula ukuta wa upande wake vya kutosha, ndiyo maana wakapanda mikoko mbele yake. Magofu yale yaliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014.

Sasa jina. Neno “gereza” limetoka kwa Mreno: igreja, yaani kanisa. Kanisa liligeukaje kuwa mahali pa kufungia watu? Ndani ya ngome zao mlikuwa na kanisa, watu wa pwani wakaiita ngome nzima kwa jina hilo. Baadaye ngome zikatumika kufungia wahalifu. Hiyo Fort Jesus ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Mwaka huohuo wa 1895 Mjerumani alikuwa anajenga boma lake huko kwenu Mikindani, ila hilo ni la siku nyingine.

Kreti ni lako kulipa. Lakini mwambie shemeji akurudishie chupa mbili: moja ya jina, moja ya mabaki yaliyo chini ya kuta.