Kwa Wanaoanza Kuangalia Ndege Pemba

Anayejiunga na kikundi cha ndege hapa Pemba huomba kwanza apelekwe msitu wa Ngezi akamuone bundi. Subiri kidogo. Kisiwa hiki kina aina nne za ndege wasiopatikana kwengine duniani: bundi wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule kandege wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Chozi na huyo wa manjano wanafika hadi uani kwenu. Jifunze kwao. Usipomtambua chozi anayefyonza maua ya mgomba nyuma ya jiko lako, ndani ya msitu mzito hutoambulia kitu.

Masikio yatangulie darubini. Ngezi ni msitu wa mivule mirefu na mipapindi, miti ya jamii ya minazi, majani yamefungana, na utasikia ndege wengi kuliko utakaowaona. Simama, nyamaza, kisha andika ulichosikia hata kama hujui ni nani.

Bundi hutafutwa baada ya Magharibi. Mlio wake ni mfupi, "hu" moja, kisha kimya, kisha "hu" nyengine. Mara nyengine huziunganisha kwa haraka. Wapo wanaopiga sauti yake kwenye simu ili asogee karibu. Mimi silipendi jambo hilo. Bundi ana eneo lake, na akisikia sauti ile hudhani mwenzake ameingia kumnyang'anya. Huacha kuwinda akaja kushindana na kitu ambacho hakipo. Ukifanyiwa hivyo kila anapokuja mgeni, utakula saa ngapi?

Tena bundi huyu haishi Ngezi peke yake. Yumo pia kwenye mashamba ya mikarafuu, maana yake yumo mikononi mwa majirani zetu, na hapo ndipo kazi yetu hasa ilipo. Msitu una walinzi. Shamba lina mwenyewe, na mwenyewe huyo pengine amelelewa akiambiwa kwamba bundi akilia karibu na nyumba ni uchuro. Usimcheke mzee wa watu wala usimwambie hajui. Piga hodi, msalimie, kaa barazani umsikilize. Halafu mweleze anachokula ndege yule: wadudu. Mwambie pia kwamba hayupo Unguja, hayupo bara, yupo Pemba tu. Mara nyingi hilo la mwisho ndilo linalomgusa, kwa sababu Wapemba tunakipenda kisiwa chetu. Na kabla ya kuingia shehia yoyote na madarubini yenu, sheha apewe habari. Watu wanaotembea usiku na tochi mashambani lazima watiliwe shaka.

Watoto wenye manati na ulimbo wasikimbizwe. Mpe mmoja darubini amtazame ninga juu ya mkuyu, rangi ile ya kijani aione vizuri. Ndio wanaojua viota vilipo kuliko sote.

Pwani ina elimu yake. Vitwitwi na wenzao wa safari huwa wengi kuanzia mwezi wa kumi hadi wa nne, na mgeni hukosea wakati: huteremka maji yamekupwa, ndege wametawanyika mbali matopeni. Nenda siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yakijaa. Hapo bahari huwasukuma wote kwenye kipande kidogo cha mchanga au ukingo wa mikoko, nawe unawahesabu umekaa. Utamuona na yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, anayezaliana huko pwani za Bahari ya Shamu na Ghuba. Usiwasogelee wakaruka, wanapumzika, na kuruka bure kunawala nguvu.

Kila Januari duniani kote huhesabiwa ndege wa majini, na hesabu zetu zina faida zikiwa safi tu. Usiandike "wengi". Andika idadi, mahali, saa, hali ya maji, na watu wangapi walikuwa wakiangalia. Umekwenda hukuona kitu? Andika pia. Kunguru wa India naye, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na anayekula mayai na makinda ya wenziwe, aingie daftarini hata kama unamchukia.

Ukikuta mti mkongwe wenye pango unataka kukatwa, tafuta mwenye shamba siku hiyohiyo. Hondohondo hutaga humo, na mti wa umri ule haupandwi leo ukatumika kesho.