Mkanda uliokaa barafuni miaka 33 ulisafishwaje?

SWALI: Kaka mhariri, habari za kazi. Kijana wangu kanionyesha picha kwenye simu, puto kubwa limelala ubavu juu ya barafu na wanaume wawili wamesimama wanaliangalia, eti ilipigwa 1897 ikaja kusafishwa 1930. Mimi siamini. Picha zangu za harusi za 1994 zilikaa kabatini tu hapa Tanga, zimeota ukungu na zimenatana, sasa huo mkanda ulikuwa wa chuma? Halafu nina mkanda wa marehemu baba haujasafishwa mpaka leo, niutupe? – Mama wa Ngamiani

JIBU: Dada yangu, safari hii kijana hajakudanganya. Hao wawili ni Andrée na Frænkel, Waswidi, na aliyekuwa nyuma ya kamera ni mwenzao Nils Strindberg. Waliruka na puto kutoka Svalbard, visiwa vilivyo kaskazini ya Norwe, tarehe 11 Julai 1897 wakitaka kufika Ncha ya Kaskazini, siku tatu tu puto likawa chali, wakaanza kuburuta masleji (mikokoteni ya kuteleza) kwa miguu juu ya barafu, na Oktoba wakafika kisiwa cha Kvitøya na huko huko wakafa. Strindberg inaonekana alitangulia, maana yeye ndiye aliyekutwa amezikwa kwenye ufa wa mwamba. Watu walikuja kuwakuta Agosti 1930, na kwenye mizigo yao mikanda ya picha bado ipo!

Sasa hapa ndipo harusi yako inapoingia. Ule utando laini unaobeba picha ni gelatini, kitu cha ngozi na mifupa ya wanyama, yaani kwa ukungu hicho ni chakula kabisa, ukiongeza joto na unyevunyevu wa Tanga basi umeshamwandalia meza. Kvitøya ni friji kabisa karibu mwaka mzima. Mwanga ukishagonga chembe za chumvi ya madini ya fedha kwenye mkanda unaacha alama ambayo macho hayaioni mpaka utie dawa, na baridi ndiyo iliyoilinda ile alama isifutike miaka yote 33. Lakini si kwamba ilikuwa salama moja kwa moja, mikanda ilikuwa imelowa, na fundi aliyepewa kazi kule Stockholm, John Hertzberg, kati ya picha kama 240 aliokoa 93 tu. Iangalie tena ile picha ya puto, ukiikuza utaona madoa na michirizi imetapakaa. Mimi hayo madoa ndiyo yaliyonifanya niiamini, anayechezea picha kwenye kompyuta angeyafuta.

Kuhusu mkanda wa baba, usiutupe jamani. Kwanza angalia ulimi, kile kipande cha mkanda kinachochungulia nje ya kopo: kama umeingia wote ndani ya kopo, kuna uwezekano mkubwa ulishapigwa. Usiuvute nje kuchungulia, mwanga ukiingia umeungua na hakuna fundi wa kukusaidia. Ufunge kwenye mfuko usiopitisha hewa uweke kwenye friji, huku ukitafuta mtu anayesafisha kwa mkono. Kama ni wa blaki endi waiti matumaini ni makubwa zaidi, wa rangi huwa unachuja. Na siku ya kuutoa, uache mfukoni kwanza masaa kadhaa mpaka ubaridi uishe, ukiufungua hapo hapo utatoka jasho kama chupa ya soda.