Barua kwa mwanangu: waliojitoa walimuuliza nani?

Kilwa Kivinje

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na sisi huku tu wazima. Ufuta umekauka, jana tumeanza kuukung'uta.

Swali lako limenikalia kichwani tangu juzi. Unasema mwenzako chuoni anashikilia kwamba majimbo ya Kusini ya Marekani yalikuwa na haki ya kujitoa, maana yaliingia kwenye muungano kwa hiari, na kwamba sisi watu wa Kusini mwa Tanzania tungepaswa kuwaelewa kuliko wengine, kwa kuwa tunajua uchungu wa kuamuliwa mambo na walio mbali.

Uchungu huo naujua. Mwaka 2013, mambo ya bomba la kupeleka gesi yetu Dar es Salaam yalipowaka Mtwara, nami nilinung'unika, na sijutii. Lakini jina la Kusini lisikuchanganye. Wasikilize wenyewe walivyosema siku walipoondoka. Carolina Kusini ilijitoa tarehe 20 Desemba 1860, Abraham Lincoln amechaguliwa tu kuwa rais wa Marekani, hata kuapishwa bado. Alichokuwa anataka ni utumwa usienee kwenye maeneo mapya ya magharibi. Katika tamko lao walilalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Hebu litazame hilo, mwanangu: anayedai kila jimbo lijiamulie mambo yake, amekasirika kwa sababu jimbo la mwenzake limejiamulia! Mississippi nayo iliandika wazi kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa. Na Machi 1861 makamu wa rais wa hayo majimbo yaliyojitoa, Alexander Stephens, alisema jiwe la msingi la serikali yao ni kwamba mtu mweusi si sawa na mweupe.

Kaskazini nako hawakuwa malaika. Viwanda vyao vilisokota pamba ileile, na Lincoln aliingia vitani na majimbo yaliyojitoa ili kuunusuru muungano. Tangazo lake la kuwaachia huru watumwa wa maeneo yaliyoasi lilikuja tarehe 1 Januari 1863.

Mimi kinachonichoma ni neno "watu". Wanasema watu wa Carolina Kusini waliamua. Watu gani? Kwa hesabu ya 1860 jimbo lile lilikuwa na watu zaidi ya 700,000, na zaidi ya 400,000 kati yao walikuwa watumwa. Yaani walio wengi hawakuulizwa.

Pengine jambo hili linaniuma kwa sababu ya mji huu niliozaliwa. Misafara kutoka Ziwa Nyasa ilikuwa inaishia hapa Kivinje, watu wanapakiwa majahazini kwenda Zanzibar. Bibi yangu, ukimuuliza kabila lake, aliugeuza ungo upande wa pili akaendelea kupeta mchele. Ukirudia swali, alikutuma maji. Amekufa hajanijibu. Nami siwezi kusikia "waliamua kujitoa" bila kuwatafuta walioshika ungo.

Sisemi kujitoa ni dhambi siku zote. Mwalimu Nyerere, pamoja na kuhubiri umoja wa Afrika, aliitambua Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria lililojitoa, tarehe 13 Aprili 1968. Waigbo walikuwa wameuawa kwa maelfu kaskazini mwa Nigeria mwaka 1966, walionusurika wakakimbilia kwao mashariki. Ukishindwa kumlinda mtu asichinjwe, utamwambiaje akae? Naona Mwalimu alikuwa na haki. Hata hivyo, ndani ya mipaka ya Biafra walikuwemo Waijaw na Waefik, na wengi wao hawakuitaka. Kwa hiyo hata huko swali langu ni lilelile, ila linabana zaidi.

Mwambie mwenzako hivi: wale wa Marekani ambao hawakuulizwa, walijibu wenyewe. Waliyahama mashamba usiku wakayafuata majeshi ya Kaskazini, na hadi vita inakwisha mwaka 1865, wanaume weusi wapatao 180,000 walikuwa wamepigana wakiwa na sare za muungano, wengi wao wametoka utumwani. Hiyo ndiyo kura yao, na waliipiga kwa roho zao.

Niandikie atakavyojibu. Nauli ya likizo nitakutumia ufuta ukiuzwa.

Mama yako